Ushahidi wa Nguo na Nyumba: Mhadhara juu ya Maleba na Mandhari katika Filamu za Siri za Kale



Ukumbi huu uko hatua chache kutoka Mnazi Mmoja, uwanja ambao watawala wa kikoloni waliuacha wazi ili utenge mtaa wa Wahindi na mtaa wa Waafrika, na ambao watu wa mji huu waliugeuza kuwa mahali pa kukutania. Kwa hiyo maneno yangu, ambayo yatavuka uwanja huo kwenda na kurudi mara nyingi, yamepata makazi yanayoyafaa. Shukrani za pekee nawapa mafundi cherehani wa Mtaa wa Uhuru waliofunga kazi mapema, maana mhadhara huu unahusu kazi yao kuliko kazi ya mtu mwingine yeyote aliyemo humu.

Muradi wangu nautaja mapema ili msikilizaji ajue ninakompeleka. Nataka kuthibitisha ya kwamba katika filamu inayosimulia siri ya zamani, yaani kisa cha mauaji, cha wizi au cha khiyana kilichotukia katika zama zilizopita, nguo za wachezaji na nyumba wanamochezea ni mashahidi wa kisa, na shahidi akisema uongo kesi nzima huharibika. Nataka pia kuthibitisha ya kwamba sisi wa Dar es Salaam, ambao tuna mafundi wa kutosha na visa vya kutosha, tunaelekea kuzikosa filamu hizo kwa kuwa ushahidi wetu tunautupa na kuubomoa kila siku, mchana kweupe, bila ya mtu hata mmoja kuuandika.

Hoja ya kwanza: katika filamu ya siri, kinachoonekana ndicho kisa chenyewe

Wengi wenu mmetazama tamthilia za Korea zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na baadhi yenu, naamini, mmeziuza kwa diski papa hapa Kariakoo. Aghalabu tunazisifu kwa uzuri wa mavazi yake, tukisema nguo zinang'aa na majumba yanapendeza. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni ndogo mno kwa kazi iliyofanywa. Wakorea walitawaliwa na nasaba moja ya wafalme, iitwayo Joseon, tangu mwaka 1392 hadi mwisho wa karne ya 19, na katika enzi hiyo nguo ilikuwa sheria. Joho la ofisa lilikuwa na rangi ya daraja lake. Kifuani lilitiwa kitambaa cha nakshi, cha korongo kwa watumishi wa kalamu na cha chui milia kwa watumishi wa upanga. Na kofia pana nyeusi, iliyosukwa kwa mianzi na singa za farasi, ilimtambulisha muungwana kabla hajafumbua kinywa. Kwa hiyo mtazamaji wa Seoul anapomwona mtu akiingia mlangoni, huwa amekwisha kujua ni nani, na anaweza kuwa na haki gani ya kuingia, na kama haki hiyo hana, basi hapo ndipo shaka inapozaliwa.

Chukueni filamu iitwayo The Night Owl, ya mwongozaji Ahn Tae-jin, iliyotolewa mwaka 2022. Kisa chake kimejengwa juu ya tukio la historia: mwaka 1645 Sohyeon, mrithi wa kiti cha Mfalme Injo, alifariki muda mfupi baada ya kurejea nyumbani kutoka utekani katika dola ya Qing. Watunzi wa filamu wamemtia ndani ya kasri mganga wa sindano ambaye watu wote wanamjua kuwa ni kipofu, ilhali macho yake, ambayo hayaoni penye mwanga, huona kidogo penye giza. Tafakarini jambo hilo, hadhirina. Taa inapowaka, mtu huyo hana hatari kwa yeyote; taa inapozimika, anakuwa shahidi wa pekee wa mauaji ya mwana wa mfalme. Fundi aliyepanga mishumaa, mapazia na milango ya karatasi ya chumba kile ndiye aliyeamua nani ataona nini, na kwa sababu hiyo ameandika kisa sawasawa na yule aliyeshika kalamu. Kadhalika katika filamu ya mwaka 2005 inayojulikana kwa jina la Blood Rain, yenye kisa cha mwaka 1808, mauaji yanazuka katika kisiwa kinachoishi kwa kiwanda cha karatasi, na mtazamaji hawezi kuyafahamu mauaji hayo mpaka afahamu karatasi inavyotengenezwa, nani anamiliki kiwanda, na nani anafanya kazi humo.

Sikuwaletea habari hizi ili tuvae joho la Korea. Nimezileta ili tuone kanuni yake, kisha turudi nayo nyumbani.

Hoja ya pili: kwetu kazi hii imekwisha anza

Mwaka 1999 Shafi Adam Shafi alitoa riwaya yake Vuta N'Kuvute, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa ikiwa filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo ya Oscar, jambo ambalo nchi yetu ilikuwa imelifanya mara moja tu kabla ya hapo, kwa filamu ya Maangamizi. Kisa ni cha Unguja ya miaka ya 1950, miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mtu mzima, anaikimbia ndoa na kupata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, Ng'ambo, na huko anakutana na Denge, kijana wa siasa ambaye askari wa serikali wanamwinda usiku na mchana.

Kisa hicho hakiwezi kusimama bila ya maleba na mandhari yaliyo sahihi. Yasmin anapotoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo, anatoka katika ghorofa ya mawe na kuingia katika nyumba ya chini. Anatoka katika mavazi ya jamaa zake na kuingia katika kanga na buibui za wenzake wapya. Na buibui hiyo hiyo, ambayo kwa wengine ni sitara, kwa mtu anayefuatwa na askari ni maficho. Lau nguo hizo zingekosewa, mtazamaji asingeona msichana aliyevuka mpaka wa rangi na tabaka. Angeona msichana aliyebadilisha nguo.

Lakini nawatakeni mwangalie tofauti moja iliyopo baina ya Unguja na sisi. Mwongozaji anayekwenda Unguja anaukuta Mji Mkongwe umesimama, umewekwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na ukiondoa waya, mabango na vyombo vya kunasia televisheni, uchochoro unarudi mwaka 1955. Mwongozaji atakayetaka kusimulia Dar es Salaam ya mwaka huo huo atakuta nini? Atakuta Boma la Kale karibu na bandari, lililojengwa zama za Sultani Majid. Atakuta Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front. Atakuta nyumba chache za Uhindini zenye roshani na tarehe zilizochongwa usoni. Akivuka Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, ambako ndiko walikokaa watu wengi wa kisa chake, atakuta maghorofa ya vioo.

Hoja ya tatu: nguo zetu zina tarehe, na tarehe hizo zinajulikana

Watu husema, na nimesikia hata watengenezaji wa filamu wakisema, ya kuwa nguo za kwetu ni zile zile tangu enzi, kanzu ni kanzu na kanga ni kanga. Kauli hiyo naikataa kwa nguvu zangu zote.

Kanga iliyoandikwa kwa herufi za Kirumi si kanga ya mwanzo. Maandishi ya awali yalikuwa ya herufi za Kiarabu. Kanga ya kiwanda cha Urafiki haiwezi kuvaliwa katika kisa cha kabla ya mwaka 1968, maana kiwanda chenyewe, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka huo. Kabla yake doti zilikuja kwa meli kutoka Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Buibui ya zamani ilifungwa kwa kamba kichwani na kukusanywa kwa mkono, kwa hiyo mwanamke aliyeivaa alikuwa na mkono mmoja ulioshughulika wakati wote, na hiyo ya siku hizi, inayovaliwa kama joho, inamwacha huru mikono yote miwili. Mtaalamu wa upelelezi atauliza mara moja: mkono upi ulikuwa huru? Suti yenye mikono mifupi na kola wazi, ambayo tuliinasibisha na Chou En-lai, Waziri Mkuu wa China aliyezuru nchi yetu mwezi wa Juni 1965, haimfai mjumbe wa mkutano wa tarehe 7 Julai 1954, kilipozaliwa chama cha TANU katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba.

Na nini nitasema juu ya sketi? Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969, na hata kabla ya tarehe hiyo wasichana walikuwa wamekwisha kushambuliwa hadharani Kariakoo kwa ajili ya mavazi yao. Mtunzi atakayeweka kisa chake katika miezi hiyo mitatu atakuwa na mji mzima unaotazama nguo za wapita njia na kuzihukumu. Msichana aliyeuawa amekutwa na sketi ya urefu gani? Ni nani aliyeishona, na je, pindo lake liliteremshwa lini? Fundi anayekaa barazani na cherehani yake anajua majibu ya maswali haya kabla ya askari, naye anajua pia kwa nini anapaswa kunyamaza. Sijui upelelezi wa Korea unaotushinda kwa utajiri wa jambo kama hilo.

Tafadhalini mniwie radhi nikikaa kidogo juu ya doti, kwa kuwa naiona ina kisa kizima ndani yake. Kanga inauzwa vipande viwili vilivyoungana. Mnunuzi anaikata mwenyewe au anampa fundi aikate na kuipinda, na mkasi, hata uwe wa fundi hodari, hauendi sawa kabisa. Kwa hiyo kila kipande cha kanga kina mwenzake mmoja tu duniani ambaye kingo zao zinaafikiana, na mwenzake huyo anaweza kuwa kiunoni mwa mtu mwingine, kwa sababu ndugu hugawana, mashoga hugawana, na mume mwenye siri hugawa kipande kimoja huku na kimoja kule. Kipande kikiokotwa penye maiti, kina maandishi yanayosema jambo, kina pindo la mkono au la mashine, na kina ukingo unaomngoja mwenzake. Waandishi wa filamu mlioko humu, nawapeni kisa hicho bure. Ila sharti langu ni moja, kwamba kanga hiyo iwe ya mwaka wa kisa, na ipindwe kama ilivyopindwa mwaka huo.

Hoja ya nne: nyumba ya Kariakoo ndiyo mandhari bora ya filamu ya siri

Wenzetu wana makasri. Sisi tuna nyumba ya vyumba sita. Wengi wenu mmezaliwa humo. Mbele kuna baraza ya saruji, ambapo wazee hukaa jioni na ambapo kahawa huuzwa. Mlango mkuu unafunguka katika ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani. Kulia vyumba vitatu, kushoto vyumba vitatu, kila mlango ukitazamana na wa jirani. Uani kuna jiko, bafu, choo, kamba za kuanikia nguo, na mlango mdogo wa kutokea uchochoroni. Mwenye nyumba huenda anakaa chumba cha mbele, na wapangaji, waliotoka Uzaramoni, Unyamwezini, Kilwa, Songea au Ungazija, wanakaa vilivyobaki.

Sasa itazameni nyumba hiyo kwa jicho la mpelelezi. Hakuna anayeingia kwa mlango wa mbele bila ya kuonwa na watu wa barazani. Hakuna anayepita ukumbini bila ya kusikiwa na vyumba sita, kwa kuwa kuta za ndani aghalabu hazikufika paani, na sauti ya chumba kimoja ni habari ya vyumba vyote. Ama mlango wa uani ni wa wanawake, wa watoto, wa muuza maji, na wa yeyote asiyetaka kupita barazani. Nyumba hii imejengwa kwa namna ambayo siri ni ngumu kuiweka, na kwa hiyo siri iliyowekwa humo ina thamani kubwa: mtu akiuawa katika chumba cha tatu mkono wa kushoto na vyumba vitano vikaapa kuwa havikusikia kitu, basi mtazamaji anajua ya kwamba anatazama nyumba nzima iliyokubaliana kunyamaza. Je, kwa nini? Filamu imekwisha anza.

Lakini mjenzi wa mandhari atakayeijenga nyumba hiyo kwa kukisia tu ataiharibu. Ataweka dari, na sauti itakufa. Ataufanya ukumbi uwe sebule yenye makochi, na mapito yatapotea. Ataezeka kwa bati jipya katika kisa cha miaka ya 1920, wakati mapaa mengi ya Kariakoo yalikuwa ya makuti na ya madebe ya mafuta yaliyokunjuliwa na kupigiliwa, na mvua ilikuwa na mlio mwingine kabisa. Ataliweka nyuma ya wachezaji soko lenye mapaa ya zege yaliyopanuka juu kama mianzi ya tarumbeta, lile alilolisanifu Beda Amuli na lililofunguliwa na Rais Nyerere mwezi wa Desemba 1975, ilhali kisa ni cha mwaka 1954, siku ambazo soko lilikuwa bado lile la kale lililofunguliwa mwaka 1923. Soko la Amuli lenyewe lilishika moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wote mnakumbuka tulivyosimama barabarani asubuhi yake. Kila jengo lina mwaka wake wa kuzaliwa, na filamu inayolichukua kabla ya mwaka huo imesema uongo mbele ya kila mzee aliyekaa ukumbini.

Hoja ya tano, nayo ni fupi

Vitu vidogo vinafuata sheria ile ile. Senti ya tundu katikati ni ya fedha ya Afrika Mashariki, kabla hatujawa na shilingi yetu wenyewe mwaka 1966. Karabai inatoa mwanga mweupe na mlio wa kuvuma. Kandili mwanga wa manjano na kimya. Koroboi inatoa moshi unaoacha doa jeusi ukutani, na doa hilo litaeleza taa ilikaa wapi usiku ule. Simu ya meza ilikuwa kitu cha ofisini na cha matajiri, na Faraji Katalambulla alipoandika Simu ya Kifo mwaka 1965, alijua vyema uzito wa chombo hicho katika mji huu.

Nimemtaja Katalambulla makusudi, maana wapo watakaodai ya kwamba hatuna visa. Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na baada ya hapo mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake wakafumbua mafumbo ya Unguja katika kitabu baada ya kitabu. Wasomaji wa Kiswahili walikuwa na mpelelezi wao kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kinachokosekana ni kumvisha na kumjengea.

Juu ya hoja ya gharama

Naona mikono miwili mitatu imekwisha inuka huko nyuma, nami nadhani naijua hoja yake: fedha. Ni kweli ya kwamba Wakorea wana vijiji kamili vilivyojengwa kwa ajili ya filamu za kale, na ni kweli ya kwamba sisi tunapiga filamu kwa siku chache na kwa nyumba ya kuazima. Lakini sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza haidai fedha nyingi. Inadai elimu na uangalifu. Fundi wa Kariakoo anayeweza kuitazama picha ya gauni katika simu na kulishona kabla ya jua kuchwa anaweza pia kuitazama picha ya mwaka 1954 na kushona koti la mwaka huo, mradi mtu ampe picha. Seremala wa Gerezani anaweza kujenga ukumbi wa nyumba ya vyumba sita kwa mbao na turubali, mradi mtu ampe vipimo. Picha na vipimo ndivyo tusivyokuwa navyo vya kutosha, na vinapungua kila nyumba inapoanguka.

Nasikia pia hoja ya kuwa mtazamaji hajali. Anajali. Bibi wa miaka themanini akiiona kanga isiyo ya zama zake, humwambia mjukuu, "Hiyo haikuwako," na tangu dakika hiyo mjukuu haisadiki filamu.

Yanayotupasa

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, nayaweka mbele ya mkutano huu mambo matatu, na naomba yaandikwe.

Kwanza, nyumba za Kariakoo zilizobaki zipimwe. Chuo Kikuu Ardhi kina wanafunzi wa usanifu wa majengo. Kila mmoja akipewa nyumba moja, aichore kuanzia baraza mpaka mlango wa uani, apige picha ya kila ukuta, na aandike mwenye nyumba anakumbuka nini, basi mchoro utabaki hata nyumba ikiondoka. Simwombi mwenye nyumba asijenge ghorofa, kwa kuwa anahitaji riziki. Namwomba afungue mlango kwa siku moja kabla ya kuvunja.

Pili, pawe na ghala la maleba ya zamani, chini ya ulinzi wa Makumbusho ya Taifa au wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambako nguo itawekwa pamoja na mwaka wake, duka ilikonunuliwa, na jina la fundi aliyeishona, na ambako mtengenezaji wa filamu ataruhusiwa kuja kutazama, kupima na kunakili.

Tatu, mafundi cherehani waingizwe katika filamu kwa majina yao. Jina la mshonaji liandikwe mwishoni pamoja na la mpiga picha na la mwongozaji, na alipwe kama mtaalamu anayeulizwa rai yake tangu kisa kinapoandikwa, badala ya kuitwa usiku wa mwisho kupunguza kiuno cha suruali.

Nanyi mlioko humu, kila mmoja kwa nafasi yake, mkirudi nyumbani leo fungueni masanduku. Kanga ya mama, kofia ya bulibuli ya babu, buibui ya kamba, picha ya harusi iliyopigwa studio ya mjini: msizitupe, msizigawe bila ya kuziandika. Andikeni nyuma ya picha jina, mtaa na mwaka, maadamu wako hai wanaokumbuka, na anzeni na aliye mzee kuliko wote nyumbani.